Prado 120: niinue inchi ngapi na nivae tairi gani kwa njia za Kuresoi na Ahero?

MkulimaKuresoi
Wadau habari za jioni. Niko na Prado 120 ya 2007, dizeli 3.0, otomatiki. Tairi ni saizi ya kiwandani 265/65R17 na springi pia ni zile zile za kiwandani, nafikiri zimechoka ju nyuma imelala hata ikiwa tupu. Mimi naishi Nakuru mjini lakini shamba la viazi liko ndani Kuresoi, halafu kila mwezi lazima nishuke kwa mama mkwe huko Ahero, kwa hivyo gari inaona udongo wa mlimani na ule mweusi wa nyanda za Kano huko Ahero, saa zingine wiki hiyo hiyo moja.

Mvua ya mwezi wa nne imenitesa. Nimekwama mara nne, mara mbili nikatolewa na trakta, na mara moja ilikuwa usiku na watoto wako ndani. Sasa kuna gereji imenipigia hesabu ya kuinua inchi 3 kwa spesa (vile vipande vya kuongeza urefu bila kubadilisha springi) na kuvaa tairi za 285/70R17, wanasema hapo nitapita popote. Pesa ninayo lakini nimeitafuta kwa jasho, na hii gari ndio inabeba familia. Wenye ujuzi naomba mnielekeze kabla sijalipa diposti.

Nax_33
Karibu kwa tairi za inchi 33 boss, hizo 285/70 ni kama hapo. Mimi niko nazo mwaka wa tatu huu na trakta sijawahi kuita. Lipa hiyo diposti.

Fundi_Kondele
Mkulima, usilipe bado. Kabla ya kuongea inchi niambie kitu kimoja: zile siku umekwama, gari ilikuwa imegusa wapi? Ingia chini na tochi uangalie. Tope iliyokauka na mikwaruzo ndio itakuambia, si sisi. Kama ni difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ilikalia tuta hiyo ina dawa yake, kama ni pua iligonga ukingo wa mtaro iko na dawa nyingine, na kama hakuna mahali imegusa, tairi zilikuwa zinazunguka tu, basi hata uinue inchi 6 utakwama palepale.

MkulimaKuresoi
Fundi asante, nimeingia chini leo asubuhi na kijana wangu. Difu ya nyuma imesuguliwa hadi rangi imetoka, chuma inang'aa. Hiyo ni ya Kuresoi, trakta na malori ya viazi yamechimba reli mbili za tairi halafu katikati kumebaki tuta. Huku kwa ndoano ya kuvutia nyuma kuna mikwaruzo mibichi, hiyo naikumbuka, ilikuwa mtaro wa kuingia shambani. Lakini ya Ahero hakuna kitu iligusa. Tairi zilijaa ule udongo mweusi zikawa laini kama sufuria, gari ikaanza kwenda kando yenyewe hadi ikaingia kwa mfereji polepole nikiwa nimeshika usukani tu sina la kufanya.

Fundi_Kondele
Sawa, hapo sasa tunaweza kuongea. Shikilia hili kwanza, ju gereji nyingi hazielezi mteja: springi inainua bodi, haiinui difu ya nyuma. Ekseli ya nyuma ya Prado ni moja mzima, imekaa juu ya tairi. Weka springi za inchi 2, weka za inchi 4, lile bonge la difu litabaki umbali uleule kutoka chini. Kitu pekee kinalipandisha ni tairi kubwa, na tairi inakupa nusu tu ya ule urefu imeongeza, ju nusu nyingine inaenda juu ya ekseli.

Piga hesabu mwenyewe. Chukua upana wa tairi, zidisha kwa ile asilimia, zidisha mara mbili, halafu ongeza rimu ukizidisha inchi zake kwa 25.4. Yako ya sasa 265/65R17 inatoka kama milimita 776. Ukienda 265/70R17 ni 803. Ile wanakuuzia ya 285/70R17 ni 831. Kwa hivyo difu yako na 265/70 inapanda milimita 13, na 285/70 inapanda 27. Hiyo ndio tofauti yote chini ya difu, sentimita moja na kitu. Hizo inchi 3 za spesa chini ya difu ya nyuma hazikupi hata milimita moja.

Mbele ni tofauti kidogo. Prado mbele kila gurudumu liko huru na difu imefungwa kwa chesi, kwa hivyo ukiinua bodi yenyewe inapanda nayo. Lakini draivu shafti zinabaki zikishuka kwa mteremko mkali kutoka difu hadi gurudumu, na hapo ndipo buti za sivi jointi, ile mipira inafunika jointi za hizo shafti, zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda mfupi unasikia ka-ka-ka ukikata kona. Inchi 2 hizo jointi zinavumilia. Inchi 3 ya spesa kwa gari ya kila siku mimi siifungi, mteja akikataa kunisikia namwambia atafute mwingine.

Nax_33
Fundi hapo umesema ukweli na sitakubishia, buti nimebadilisha mara mbili. Na wacha niwe muwazi kwa Mkulima maana nilijibu haraka. Ili 285 isiguse nilikata kipande cha pale bodi inashikana na chesi nyuma ya tairi ya mbele halafu tukachomelea upya, nikaondoa plastiki za ndani ya fenda, na bado nikikata usukani wote nikirudi nyuma kwa mteremko inakwaruza. Yangu ni petroli 2.7. Kutoka Kisumu kupanda Kericho hadi Mau Summit unapanda zaidi ya mita elfu moja na hewa inazidi kuwa nyepesi, gari haina tabo, gia inashuka inapanda inashuka. Niliijua hiyo bei na niliikubali ju gari yangu ni ya wikendi, nikitoka ni kutafuta njia mbaya. Kama yako inabeba watoto na viazi, nikiwa wewe singefanya.

Fundi_Kondele
Nax asante kwa hiyo. Wengi huficha hiyo sehemu ya kukata bodi.

Ya nguvu pia ina hesabu yake. Tairi ya 831 ni kubwa kwa asilimia 7 kuliko 776, kwa hivyo ni kama umerefusha gia zote kwa asilimia 7. Dizeli yake yenye tabo haitalia sana lakini itasikia. Na spidomita itadanganya: ikisoma 100 unaenda 107, labda kasoro kidogo ju za kiwandani nyingi husoma juu. Kwa 265/70 ikisoma 100 unaenda 103, hiyo haina shida.

MamaWaNjoro
Naomba niongeze upande wa breki maana naona haujaguswa. Mimi nina Hilux dabo kabini ya zamani, nabeba vifaranga na chakula cha kuku Njoro, Mau Narok hadi Olenguruone. Nyuma ni springi za majani. Nilifungiwa zile shakeli ndefu, nikaambiwa ni njia rahisi ya kupata inchi 2. Kwanza haikuwa inchi 2, shakeli ikirefushwa inchi 2 gari inapanda kama moja tu. Lakini hiyo nilisamehe. Shida ilikuwa breki. Hizi Hilux zina valvu juu ya ekseli ya nyuma yenye mkono, ule mkono unapima gari imelala kiasi gani, ikilala inajua kuna mzigo inaongeza breki nyuma, ikisimama juu inajua iko tupu inapunguza. Ukiinua gari bila kurekebisha huo mkono, valvu inaamini uko tupu siku zote.

Nimejulia hiyo mteremko wa Sachang'wan kushuka Salgaa nikiwa na magunia ya chakula nyuma. Mnajua mahali hapo kumetokea ajali ngapi miaka yote. Nilikanyaga na pua ikainama, mbele inafanya kazi yote peke yake, nyuma hakuna kitu, moshi wa breki unaingia kabini. Nilishuka na gia ya kwanza nikifunga macho ya moyo nikiomba Mungu. Aliyefunga hakuwa anajua hiyo valvu iko. Fundi mwingine aliweka kipande cha chuma cha kushusha ule mkono, kazi ya saa moja. Kwa hivyo kaka, gereji yako waulize breki watazifanyia nini baada ya kuinua, na wasipokuwa na jibu ondoka na gari yako.

MkulimaKuresoi
Mama pole sana, na asante. Mimi hiyo njia naipita kila wiki. Prado yangu iko na ABS, hiyo valvu iko?

Fundi_Kondele
Nitahitaji kuiona yako kwa macho, lakini hata kama haina, angalia hosi za breki zisivutike gurudumu likining'inia, na waya za ABS pia. Mtu apandishe gari kwa jeki ya chesi, magurudumu yaning'inie kabisa, hapo ndio utaona kama kuna kitu kimevutika. Hiyo ni dakika tano na wengi hawafanyi. Na ujue tairi nzito ni ngumu kusimamisha. Kila kilo unaongeza kwa gurudumu breki inaisikia kuliko kilo ya mzigo ndani ya gari, ju hiyo inazunguka.

Jimny_wa_Elgon
Mimi niko Kitale na Jimny mpya, ile ya pande pande. Tairi zake za kiwandani ni 195/80R15, kama milimita 693. Niliweka 235/75R15 ya 733 na springi za inchi 2. Ekseli zake zote mbili ni mzima kwa hivyo ukiinua ekseli ya mbele inazunguka kidogo kwenye mikono yake na ule mwinamo wa usukani unapotea. Nikitoka Kitale kwenda Webuye, ikifika 80 nikikanyaga shimo dogo usukani unaanza kutetemeka kwa nguvu hadi nisimame kabisa kando. Ilipona nilipoweka bushi maalum za kurudisha huo mwinamo. Kwa hivyo inchi 2 ya gari moja si inchi 2 ya gari nyingine.

Lakini nilitaka kusema kuhusu upepo. Njia za ndani huko Mlima Elgon wakati wa mvua ni utelezi mtupu, na kilichonisaidia kuliko springi na tairi ni kushusha upepo. Nashusha hadi PSI 18, tairi inalala, inashika. Bei yake ni kipimo na pampu ndogo ya betri. Mkulima, siku ile Ahero ulikuwa na ngapi?

MkulimaKuresoi
Kaka sijawahi kushusha. Nilikuwa na 35 ju nilikuwa nimetoka lami.

Fundi_Kondele
Basi hapo tumepata robo ya shida yako bila kununua kitu. Prado na mzigo mdogo shuka 20 hadi 22 ukiingia matope, usipite kilomita 40 kwa saa, usikate kona kwa ghafla tairi isije ikatoka kwa rimu, na ukirudi lami jaza kabla hujaenda mbali. Tairi yenye upepo mdogo kwa lami kwa kasi inapata moto hadi inapasuka.

Sasa udongo mweusi wa Kano. Mimi nimezaliwa huko na nitasema bila kuzunguka: ukiwa umelowa kabisa hakuna tairi ya kuushinda kwa uhakika. Unashika, unajaza meno, gari inakuwa kwa mpira wa udongo juu ya udongo. Tairi za MT, zile za matope, zina nafasi kubwa kati ya meno kwa hivyo zinajitema zikizunguka, zinasaidia. Za AT, zile za njia zote, zinajaa haraka. Lakini wewe umesema Ahero ni mara moja kwa mwezi, na Nakuru hadi Ahero karibu yote ni lami, kilomita nyingi, na MT kwa lami yenye maji zinashika vibaya, zina kelele, zinaisha mbio. Usinunue tairi ya kilomita mbili ukateseka nayo kilomita mia mbili. Huko Kano wazee wanangoja. Mvua ikikatika na jua la Kisumu likiwaka, baada ya siku moja juu kumeshikana, unapita na gari ya kawaida.

Na usidhani upana ndio kila kitu. Zile Land Cruiser pikapu za polisi na za mashule zilikuwa zinavaa 7.50R16, nyembamba na ndefu. Pale matope ni ya juu juu na chini kuna murram ngumu, tairi nyembamba inakata inafika chini inashika. Pana inaelea juu ya uji. Huko Kuresoi barabara nyingi za mashamba ziko hivyo, utelezi juu na ardhi ngumu chini. Ni sababu nyingine ya kubaki 265 na usiende 285.

Nax_33
Na wengine huku tunaangalia gari za mashindano ya Rhino Charge tunataka kufanana nazo. Zile zimejengwa kupita vituo 13 ndani ya masaa 10 kwa njia fupi iwezekanavyo, kwa mawe na mabonde, halafu nyingi zinabebwa kwa lori hadi pale. Hazipeleki watoto shule.

MkulimaKuresoi
Nimeelewa vizuri. Kwa hivyo tairi ni 265/70R17 AT. Sasa springi. Niinue au niache? Na mzigo wangu ni mbegu ya viazi, kama magunia 6 ya kilo 50, lakini ni msimu tu, siku zingine ni mimi na mke na watoto wawili.

Fundi_Kondele
Inua, lakini kwa sababu sahihi. Difu imeshughulikiwa na tairi. Ule mkwaruzo wa ndoano nyuma, na pua ya mbele kwa mitaro, na tumbo la gari kwa tuta, hizo ndizo springi zinasaidia. Na yako zimechoka kwa hivyo ungebadilisha tu. Milimita 40 hadi 50, basi.

Spesa hapana. Spesa ya mbele inakaa juu ya shoki, na kwa vile mkono wa chini umeshikwa katikati, spesa ya milimita 20 inakupa karibu 40 kwa gurudumu. Watu wanaona ni maajabu, kumbe springi ni ile ile iliyochoka na shoki imesukumwa chini, ukigonga shimo kubwa inafika mwisho wake kabla raba ya kuzuia haijaguswa. Nunua springi ndefu na shoki zilizotengenezewa huo urefu. Shoki ya kiwandani ukiiweka na springi ndefu inafunguka hadi mwisho mapema, gurudumu likining'inia kwa shimo linabaki hewani, na gurudumu la hewani halisukumi gari.

Halafu uzito. Hapo ndipo watu wanapotea sana. Springi inauzwa kwa mzigo ambao inabeba siku zote. Wakikuandikia "milimita 50" uliza ni 50 ikiwa na nini. Springi ya kilo 300 kwa gari tupu inainuka kama punda mkaidi, nyuma iko juu, inaruka ruka kwa murram na watoto wanatapika. Yako nunua za mzigo mdogo, halafu ndani ya springi za nyuma weka ile mifuko ya hewa, msimu wa mbegu unajaza upepo, ukimaliza unapunguza.

Ukimaliza yote piga alaimenti siku hiyo hiyo, usingoje wiki, itakula tairi mpya ukiona. Shusha taa za mbele ju pua imepanda na sasa unawachoma macho wa mbele. Nyuma kuna fimbo inavuka kutoka chesi hadi ekseli, ukiinua inavuta ekseli upande mmoja kidogo. Kwa milimita 50 ni kidogo, wengine wanaiacha, mimi napenda kuweka ile ya kurekebishwa.

Na kabla ya kulipa tairi, wafunge mbili za mbele, weka gurudumu moja juu ya jiwe au gunia la mchanga, kata usukani mwisho kushoto na kulia. Ikigusa utaiona hapo gereji badala ya kuiona barabarani.

MamaWaNjoro
Na usome zile namba nne za mwisho za DOT kwa ubavu wa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi inaweza kuwa haijawahi kugusa barabara na raba imezeeka dukani.

MkulimaKuresoi
Wadau nimerudi, ni wiki ya tano sasa. Ile gereji ya kwanza niliachana nayo. Nimefunga springi na shoki mpya, nyuma imepanda milimita 55 kutoka pale ilikuwa imelala na mbele 45, mifuko ya hewa iko, tairi nne 265/70R17 AT za ubavu mgumu, alaimenti siku hiyo hiyo. Haigusi mahali popote usukani ukiwa mwisho.

Kuresoi nimepita ile njia ya reli za trakta mara sita. Bado kuna sehemu moja difu inabusu tuta, lakini inapita badala ya kukalia. Mtaro wa shamba hakuna tena mkwaruzo. Magunia sita nimebeba mara mbili, nikajaza mifuko na gari ikabaki imenyooka. Murram ya kule kuna mawe makali kama ya Menengai na hadi sasa sijapata pancha. Mbio imepungua kidogo kupanda, si ya kulalamika.

Ahero nilifika mvua imenyesha usiku. Nilisimama kwa lami, nikashusha hadi 20, nikapiga simu kwa mama mkwe, akaniambia nisubiri hadi saa nane jua likaushe juu. Nilisubiri, nikanywa chai kwa hoteli, nikaingia na nikatoka. Mke wangu amesema niwashukuru, kwa hivyo asanteni sana, hasa Fundi na Mama.

MamaWaNjoro
Mungu ni mwema. Umesema tairi nne. Spea je?

MkulimaKuresoi
Spea bado ni ile 65 ya zamani, ni nzima kabisa.

Fundi_Kondele
Mkulima hapana. Hiyo Prado inasukuma magurudumu yote manne kila wakati, na kuna difu ya katikati inayogawa. Ukiweka moja ya 776 kati ya tatu za 803, hiyo difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika kila kilomita. Ukipata pancha Timboroa utaendesha hivyo hadi Nakuru. Kwa dharura polepole hadi kwa mtu wa pancha, sawa, na usiifunge ile difu ya katikati ukiwa lami. Lakini nunua ya tano, saizi ile ile na chapa ile ile, halafu uzizungushe zote tano ziishe pamoja. Na ukiifunga kwa mlango wa nyuma angalia bawaba, hiyo ni nzito kuliko ya zamani.

MkulimaKuresoi
Nimeelewa fundi. Duka walikuwa wamebaki nayo moja ya ile stoki, kesho asubuhi naenda kuichukua, na hizo namba nne nitazisoma kwanza.